Je, Huyu wa Nne Tumwapie Nini?



Wengi wetu tunaijua barabara ile. Posta ya mji wetu inauza stempu na kupokea vifurushi, lakini haishughuliki na pasipoti. Anayetaka pasipoti huenda kwenye makao makuu ya kaunti, mwendo wa dakika 40 kati ya mashamba ya mahindi na soya, kwenye dirisha linalofunguliwa siku tatu kwa wiki, tena kwa miadi. Picha hupigwa kwenye duka la dawa lililo jirani, inchi 2 kwa 2, bila miwani. Fomu hujazwa nyumbani kwa wino mweusi, lakini haitiwi sahihi mpaka mbele ya karani. Mtu mzima anayeomba mara ya kwanza hulipa dola 130 za kitabu na dola 35 za dirisha. Mtoto aliye chini ya miaka 16 hulipiwa dola 100 na zile 35, na wazazi wote wawili hutakiwa kufika naye, au yule asiyefika atume kibali chake kilichothibitishwa mbele ya mthibitishaji. Ya mtu mzima hudumu miaka 10, ya mtoto miaka 5. Sisi tunaowasindikiza wenzetu kama wakalimani tumeyasema haya mara nyingi mno, sasa tunayasema bila kuangalia karatasi.

Lakini kuna jambo moja dirishani pale ambalo hatujalizoea. Karatasi zikishakaguliwa, karani huweka kalamu chini na kusema: inueni mkono wa kuume. Kisha huuliza kama unaapa kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Fomu yenyewe imeonya kwamba kusema uongo pale ni kosa la jinai. Jambo hilo huisha kwa neno moja, ndiyo, na watu hutoka nje kutafuta gari.

Jumapili hii tunataka kulitazama neno hilo moja. Tukiinua mkono tunaapia nini hasa? Na kama karatasi tulizopewa huko nyuma haziko sawa na maisha yetu yalivyo, je, mkono huo ni wa kweli au wa uongo?

Tuanze na lililo jepesi. Karani wa dirisha lile ni mama mtu mzima, mpole, ambaye sasa anatujua kwa sura. Siku moja, akipanga fomu zetu tano mezani, aliuliza kwa mshangao wa kweli kama kwetu watoto wote huzaliwa Januari mosi. Tulicheka, naye akacheka. Hakuna aliyemweleza, maana maelezo yake yangekuwa marefu kuliko foleni iliyokuwa nyuma yetu.

Ninyi mnayajua. Mama zetu hawakuzaa kwa kalenda. Mzee wetu mmoja anajua kwamba alizaliwa kule Fizi wakati wa Mulele, yaani mwaka 1964, mvua za kwanza zilipoanza. Siku yenyewe haijui, na waliokuwa wakiijua wamelala. Tulipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na kufikishwa Nyarugusu, mwandishi mwenye daftari alitaka siku, mwezi na mwaka. Asiyekuwa na siku aliandikiwa Januari mosi. Tarehe ile ikaingia kwenye kadi ya chakula, ikatoka kwenye kadi ikaingia kwenye faili la kuhamishwa, ikapanda nasi ndege, ikafika kwenye leseni ya udereva na cheti cha uraia, na sasa inaomba kuingia kwenye pasipoti.

Je, ni uongo? Tunasema si uongo. Mwongo ni mtu aijuaye kweli akaificha ili apate kitu au aumize mtu. Mzee wetu hakuficha kitu. Alisema alichojua, na daftari halikuwa na mahali pa kuandika mvua za kwanza. Tarehe ile ni kama viatu vya msaada tulivyogawiwa kambini: si kipimo chako, lakini hukuviiba, na ndivyo vilivyokufikisha hapa. Mzee ainue mkono wake kwa amani. Hali ni nyingine kwa anayeijua siku yake na ana ushahidi wake, au aliyepunguza miaka kwa makusudi. Huyo atafute ushauri mapema, kabla ya kuapa uraia, kwa maana cheti kikishatoka kubadilisha tarehe ni kazi ngumu.

Sasa tufike kwenye lililo zito.

Mwaka huu tuliwasindikiza baba na mama wa nyumba moja ya kwetu. Wametupa ruhusa tuisimulie habari yao, nasi tumeyaacha yale ambayo yangewatambulisha. Wote wawili wamekuwa raia. Bibi wa watoto, mama yake huyu mama, bado yuko Nyarugusu, na afya yake si nzuri. Walitaka kuwapeleka watoto wanne wakamwone. Waliweka fedha tangu kiangazi kwa kuongeza zamu za Jumamosi kiwandani. Picha zilikuwa tayari, fomu zilikuwa tayari, na watoto walikuwa wamevaa vizuri kama siku ya Pasaka.

Karani akasema, inueni mkono. Baba akainua. Mama akainua nusu, mkono ukasimama usawa wa bega, kisha ukashuka. Akatugeukia akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili: "Hawa watatu sawa. Je, huyu wa nne tumwapie nini?"

Tuliokuwa pale tulielewa, kwa sababu tunaijua nyumba hiyo. Mtoto wa nne, mvulana wa miaka 14, alizaliwa na mdogo wake. Mdogo huyo alifariki kambini mtoto akiwa hajatembea, na baba yake alikuwa amekwisha kutangulia. Mama mkubwa akamchukua, akamweka kwenye kadi yake ya chakula, na wakati wa usaili wa kuhamishwa mkalimani alipouliza, "Na huyu ni mtoto wako?" alijibu, "Ndiyo, ni mtoto wetu." Kwa lugha yetu hakudanganya. Mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu. Tangu lini mama mkubwa si mama? Lakini jibu lile lilipotafsiriwa na kupigwa taipu, likawa mtoto wa kuzaa.

Na fomu ya pasipoti haiulizi anayemlea mtoto ni nani. Inauliza jina la mama na la baba, walizaliwa wapi na lini. Tena kwa watoto wetu tuliofika nao, haki yenyewe ya pasipoti inatoka kwa mzazi. Kwa sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 27 Februari 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu na anayeishi hapa chini ya uangalizi wa mzazi aliye raia, naye huwa raia. Lakini mzazi anayetajwa na sheria hiyo ni aliyemzaa, au aliyemwasili kisheria. Mama mkubwa, baba mdogo, bibi na shangazi hawamo.

Hapa lazima tuungame. Mmoja wetu, aliyekuwa akitafsiri, alimnong'oneza: "Inua tu, mama. Karatasi zote zinasema ni wako." Alidhani anamsaidia. Foleni ilikuwa inasubiri, miadi nyingine ingechukua wiki kadhaa, bibi alikuwa mgonjwa. Mama hakuinua. Baba, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu, akaushusha taratibu. Wakamwambia karani kwamba watarudi siku nyingine. Wakakusanya picha zao tukatoka.

Katika gari hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Mvulana alikuwa nyuma, masikio yake ndani ya visikilizio vya simu. Tulipokaribia mji, mama akasema bila kutuangalia: "Mdogo wangu ndiye aliyemzaa. Nikiapa pale kwamba ni mimi, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Wapendwa, neno hilo limetufanya tulale na kuamka nalo. Sisi tulikuwa tumefikiri swali ni kati ya mama yule na serikali: je, watajua, je, hawatajua? Yeye alikuwa anaona watu wawili ambao sisi hatukuwaona dirishani pale. Mmoja yuko kaburini Nyarugusu, na mwingine alikuwa amesimama pembeni yake amevaa shati jeupe.

Tulipoleta jambo hili kwenye kikao cha wazee, bila kutaja jina, hatukukubaliana upesi. Ndugu mmoja alisema: "Wao wenyewe walituandikia tarehe zisizo zetu. Kwa nini sisi tuwe wasafi kuliko daftari lao?" Dada mmoja akasema kwamba Rahabu aliwaficha wapelelezi na kuwapotosha askari, na wakunga wa Waebrania walimjibu Farao maneno ambayo hayakuwa yote, na Mungu hakuwahesabia dhambi. Mwingine akasema kwa kifupi: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliyelea ndiye mwenye haki ya kuinua mkono.

Maneno hayo hatuyadharau. Yule mama alipojibu "mtoto wetu" kule kambini, jibu jingine lingeweza kumwacha mtoto mdogo peke yake. Aliyekaa katika ofisi yenye joto asimhukumu aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni. Rahabu na wakunga walisimama kati ya uhai na mtu aliyetaka kuua, na siku ile kambini haikuwa mbali na hali hiyo. Lakini mti ulioukumbatia wakati wa mafuriko haukuokolewi tena kwa kuishi juu yake miaka kumi. Maji yameshuka. Leo hakuna anayemwinda mtoto. Kiapo cha leo si cha kumwokoa, ni cha kuturahisishia safari. Tena ni kiapo ambacho yeye ndiye atakayekibeba. Sisi wazazi tutazeeka na kupumzika. Yeye ndiye atakayekuwa na miaka 30, ana kazi na mke, siku mtu atakapofungua faili la zamani na kukuta uraia wake umejengwa juu ya neno lisilo kweli. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na atakayefika ukingoni ni mtoto.

Tuwakumbuke watu wawili katika Maandiko waliotumia neno la undugu mbele ya wenye mamlaka.

Wa kwanza ni Ibrahimu. Alipoingia Misri akiwa na hofu, alitaka Sara ajulikane kuwa dada yake, na baadaye akarudia jambo hilohilo kwa Abimeleki. Alipoulizwa alijitetea kwamba ni dada yake kweli, baba yao mmoja, mama mbalimbali. Neno lake lilikuwa kweli nusu. Lakini alilitumia kufunika nusu nyingine, na aliyelipa si yeye. Sara ndiye aliyechukuliwa akapelekwa katika nyumba ya mtu. Tazameni jinsi jambo hili lilivyo karibu nasi. Neno "dada" ni zuri, neno "mtoto wetu" ni zuri. Ubaya hauko katika neno. Ubaya unaingia pale tunapolitumia kama blanketi la kumfunika mtu mwingine asionekane.

Wa pili ni Mordekai. Naye alikuwa mgeni katika nchi ya watu, mtoto wa watu waliohamishwa kwa nguvu. Alimlea Esta, binti wa ndugu ya baba yake, baada ya binti huyo kufiwa na baba na mama. Kitabu cha Esta kinasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba alimtwaa kuwa binti yake mwenyewe, na kwamba alikuwa binti wa mtu mwingine. Hakikuona haja ya kufuta moja ili lingine lisimame. Na jina la baba aliyemzaa, Abihaili, limeandikwa. Limeandikwa Esta akiwa msichana anayepelekwa kwa mfalme, na limeandikwa tena karibu na mwisho wa kitabu, wakati yeye ni malkia mwenye kutoa amri. Amevaa taji, na bado anaitwa binti Abihaili. Malezi ya Mordekai hayakupungua hata chembe kwa jina hilo kutajwa.

Wengine watasema: mbona Mordekai huyohuyo alimwagiza Esta asitangaze kabila lake? Ni kweli, na tunashukuru kwamba limeandikwa, maana linatufundisha jambo moja zaidi. Kunyamaza na kuapa uongo havifanani. Esta alinyamaza kwa muda, na wakati wa kusema ulipofika akasema, ingawa kusema kulikuwa na hatari. Si kila jambo la nyumba yako lazima karani alijue. Si lazima mtoto atangazwe kanisani kwamba hakuzaliwa na wanaomlea. Lakini ukiulizwa chini ya kiapo, na mkono wako uko juu, wakati wa kunyamaza umekwisha. Hapo una njia mbili tu: kusema kweli, au kuushusha mkono na kwenda kutafuta njia ya kusema kweli. Mama yule alichagua ya pili, na alichagua vema.

Tusikose kuelewana. Hatusemi mtu yeyote akimbie kesho dirishani kukiri peke yake. Karani wa pasipoti si padri wala si hakimu, na neno la kweli likisemwa mahali pasipo pake, kwa haraka, linaweza kuiumiza familia bila kumsaidia mtoto. Nendeni kwanza kwa wakili wa uhamiaji, au kwa shirika lenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya hapa. Msiende kwa mtu anayejaza fomu nyuma ya duka na kuwaambia kila kitu ni rahisi. Na msichelewe, kwa sababu kuasili mtoto kisheria kuna masharti ya umri, na mvulana wa miaka 14 hatangoja kuwa na miaka 14.

Na sisi kanisa tunadaiwa kitu. Ni rahisi kusimama madhabahuni na kusifu ukweli ambao gharama yake inalipwa na nyumba moja. Wakili aliwaambia wazazi wale wasipeleke fomu hata moja, hata za wale watatu, mpaka asome faili lote. Kwa hiyo safari haipo kwa sasa. Fedha za zamu za Jumamosi zimeanza kwenda kwa wakili. Hatujui mambo yataishaje, wala hatuwezi kuahidi kwamba yataisha vizuri kwa sababu tu walifanya vema. Tunachoweza ni kutowaacha peke yao. Ndiyo maana wazee wamekubali kwamba sadaka ya Jumapili ya pili ya kila mwezi, kwa miezi sita, isaidie familia zenye mashauri ya namna hii. Na sisi wakalimani tumejiwekea sheria: tunatafsiri yaliyosemwa, hatunong'onezi. Aliyenong'ona siku ile alikwenda nyumbani kwao akaomba msamaha, na akapewa uji.

Limebaki jambo la mwisho, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Usiku wa siku ile, baba na mama walimwita mvulana mezani. Alikuwa akijua nusu, kama watoto wengi wanavyojua nusu, kwa maneno ya shangazi zao kwenye simu. Wakamweleza yote: mama yake alikuwa nani, alicheka vipi, alizikwa upande gani wa kambi. Walikuwa wameogopa usiku huo miaka mingi, wakidhani atawaambia kwamba wao si wazazi wake. Hakusema hivyo. Aliuliza jina la mama yake linaandikwaje, herufi kwa herufi, akaliandika kwenye simu yake. Kisha akamwuliza mama kama kuna chakula kilichobaki, akaita "mama" kama siku zote.

Kesho yake wakampigia bibi kule Nyarugusu, kumweleza kwa nini safari imechelewa. Waliogopa kumvunja moyo. Bibi alinyamaza, wakadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Mmemwambia jina la mama yake?" Wakamjibu ndiyo. Akasema, "Basi nitangoja."

Tumwombee bibi huyo siku za kungoja. Tuwaombee baba na mama, na mvulana, na wakili wao. Na kila mmoja wetu atakayesimama dirishani mwezi huu, mkono wake ukipanda, Bwana aukute mwepesi.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote. Amina.